Fomu ya ridhaa: mahali mtafiti wa dawa anapokutana na Kiswahili

Simu za wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka vitivo vya tiba na famasia hufanana. Huja Ijumaa alasiri, na huanza kwa heshima nyingi: “Prof, samahani kwa kukusumbua.” Kisha linafuata ombi. Kamati ya maadili ya utafiti inataka fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, pamoja na barua ya mtaalamu wa lugha kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi. Fomu ya Kiingereza ina kurasa tano. Ya Kiswahili nayo ipo tayari, “nimesaidiwa na kakangu, na kidogo na kompyuta.” Kinachokosekana ni sahihi yangu. Kamati inakutana Jumatatu.

Sina ugomvi na vijana hawa. Safari yao si mchezo. Mwanafunzi wa uzamili katika famasia au sayansi za tiba hukaa darasani mwaka mzima, kisha huandika pendekezo la utafiti, hulitetea mbele ya idara, hulipeleka kwa kamati ya maadili, huomba leseni ya NACOSTI, na ikiwa anataka kujaribu dawa kwa binadamu hubisha hodi pia kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Hapo bado hajagusa chupa hata moja ya maabara. Akimaliza, mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 unamtaka awe amechapisha makala moja katika jarida la kitaaluma, na mwenzake wa uzamifu makala mbili. Ada inalipwa, kodi ya nyumba inalipwa, na msimamizi yuko safarini.

Katika safari hiyo ndefu, kila kitu ni Kiingereza: mihadhara, pendekezo, tasnifu, makala, hata salamu za msimamizi. Kila kitu, isipokuwa mahali pamoja. Siku moja mwanafunzi huyu ataketi kwenye benchi la zahanati karibu na mtu asiyemjua, amwombe damu yake, au mkojo wake, au ameze kidonge ambacho bado hakijathibitishwa. Hapo Kiingereza kinaishia. Na hapo ndipo utafiti mzima unaposimama au kuanguka, maana mtu yule asipoelewa anachoombwa, sampuli iliyopatikana ina doa, na majibu atakayotoa wiki sita zijazo yana doa vilevile. Nasema basi kwamba fomu ya ridhaa ni sehemu ya sayansi yenyewe, na vyuo vyetu vinaikosea vinapoifanya kazi ya tarishi, ya kukimbiziwa muhuri Ijumaa jioni.

Tuanze na jina lake. Nimeona fomu hizi zikiitwa fomu ya idhini, ya kibali, ya ruhusa, ya makubaliano na ya ridhaa, mara nyingine majina matatu katika fomu moja, kana kwamba ni visawe. Si visawe. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa: mtoto humwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Kibali ni karatasi ya ofisini. Tunacho kibali cha kujenga na kibali cha kazi. Ridhaa ni ndugu wa radhi na kuridhika, na makao yake ni moyoni. Mtu anaweza kutoa ruhusa huku moyo unamkataza, lakini hawezi kuwa na ridhaa hali moyo haujatua. Ndiyo maana mimi hupendelea neno hili, japo najua kwamba kwa Wakenya wengi wa bara idhini ndiyo iliyozoeleka. Mtafiti akiwa Kakamega, na watu wa huko wanasema tu “kukubali,” basi na aandike “fomu ya kukubali kushiriki.” Sitamwandikia barua ya kumkosoa.

Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na ambalo kila kamati ya maadili hulitaja, limebadilishwa mara kadhaa. Toleo la 2024 liliacha neno la zamani la Kiingereza lililomfanya mtu kuwa kitu cha kufanyiwa utafiti, likachukua neno lenye maana ya mshiriki. Yaani madaktari wa dunia nzima walikaa wakabadilisha neno moja, na hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mambo ya walimu wa lugha.

Na wana sababu. Kule Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende, na wengine 201 wasio nayo, ili kuona ugonjwa unavyoendelea usipotibiwa. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa. Kisa hiki hufundishwa katika kila darasa la maadili ya tiba, kwa kawaida kama kisa cha ubaguzi, na ndivyo kilivyo. Mwanaisimu hukitazama upande mwingine pia. Wanaume wale hawakuambiwa kwamba wana kaswende. Waliambiwa wana “damu mbaya,” jina ambalo watu wa kijijini walilitumia kwa magonjwa mengi, kuanzia upungufu wa damu hadi uchovu. Neno lenyewe lilikuwa la kwao, wanalielewa kabisa, na kwa sababu hiyohiyo lilificha ukweli kuliko istilahi yoyote ngumu. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani kwamba tafsiri nyepesi ndiyo tafsiri njema. Wepesi peke yake hautoshi.

Turudi nyumbani, tufungue fomu. Karibu na mwisho huwa kuna sentensi inayomhakikishia mshiriki kwamba hafungwi na chochote. Nimewahi kuikuta imeandikwa hivi: “Una uhuru wa kujitolea wakati wowote bila kupoteza haki zako.” Mwandishi alikusudia kujitoa. Silabi moja imemponyoka, na sentensi imepinduka kichwa chini miguu juu: badala ya kumwambia mtu kwamba mlango wa kutokea uko wazi, inamkaribisha aingie zaidi. Kompyuta haikuona kosa, kwa kuwa kujitolea ni neno sahihi. Msimamizi hakuona, kwa kuwa hakuisoma fomu ya Kiswahili. Hata kujitoa chenyewe kina kivuli chake, hasa katika nchi ambayo redio imetuzoesha kusikia “kujitoa mhanga.” Mimi huandika “unaweza kuacha siku yoyote.” Kuacha hakuna utata, na kila mtu anakijua tangu utotoni.

Kitenzi hiki cha kutoa kina visa vingi. “Tutatoa damu mililita kumi.” Nani anampa nani? Kwa Kiswahili, anayetoa damu ni mfadhili anayekwenda hospitalini kumsaidia mgonjwa. Vilevile ni muuguzi anayeichukua kwa sindano. Andika “tutachukua damu kutoka mkononi mwako,” na mililita kumi uziweke katika kipimo cha jikoni: vijiko viwili vya chai. Mama hajawahi kuiona mililita, lakini kijiko anacho.

Sasa twende kwenye dawa yenyewe. Katika majaribio mengi, kundi moja la washiriki hupewa dawa inayochunguzwa na kundi jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo kwa sura lakini hakina dawa ndani yake. Wanasayansi wana neno lao la Kilatini kwa kidonge hicho, na wengine wetu tumeanza kuliandika plasibo. Lakini fomu nyingi zinazonifikia huandika “dawa bandia.” Kwa mtafsiri ni sawa kabisa, bandia ni kitu cha kuiga, kama mtoto wa bandia anayechezewa na wasichana. Kwa msomaji wa gazeti hili, dawa bandia ni zile zinazonaswa na polisi zikiwa katika maboksi yenye nembo za kughushi. Ni habari za wahalifu na za watu waliodhurika. Hebu vaa viatu vya mzazi anayeambiwa na kijana mwenye koti jeupe kwamba nusu ya watakaojiunga watapewa dawa bandia. Akikataa, ataandikwa kwamba jamii yake haina mwamko kuhusu utafiti. Akikubali, sijui afadhali ipi.

Mtu ataniuliza: mbona kamati hazilioni hili, ilhali zinadai tafsiri rejeshi? Utaratibu ni kwamba mtu wa pili, ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza, huichukua ile ya Kiswahili na kuirudisha katika Kiingereza, kisha matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni nani anayepewa kazi hiyo. Aghalabu ni mwanafunzi mwenzake wa darasa moja. Akikuta “dawa bandia,” ubongo wake unaruka moja kwa moja hadi kwenye istilahi ya Kilatini aliyoisoma mwaka wa pili, na kuiandika. Matoleo mawili yanafanana kama shilingi kwa ya pili, kamati inaridhika, na mama wa zahanati anabaki na polisi na maboksi yake. Tafsiri rejeshi inayofanywa na mtu aliyekwishaijua sayansi ile hupima kumbukumbu yake. Kiswahili kinabaki hakijapimwa.

Namna ya kuwagawa watu katika makundi nayo ina mtego. Sharti la jaribio zuri ni kwamba mtafiti asichague nani apate nini; mgawanyo uachiwe sadfa. Fomu husema “kwa bahati nasibu.” Lakini bahati nasibu ni ile ya kununua tiketi na kushinda pikipiki. Ina mshindi na mshinde. Anayeangukia kundi la kidonge kitupu atajiona ameshindwa, na Muislamu mcha Mungu anaweza kusita kwa kuwa panamnukia kamari. Wengine huandika “kwa kupiga kura,” na hilo katika Kenya sina haja ya kulieleza. Wengine hutumia mfano wa kurusha sarafu, si mbaya. Mimi husema wazi: kompyuta ndiyo itakayochagua, bila kukujua wewe ni nani.

Nitasimama kidogo kwenye suala la saa, kwa sababu hapa gharama inaonekana kwa macho.

Dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali nchini mwetu, tangu sera ilipobadilishwa mwaka 2004, ni ile inayochanganya artemeta na lumefantrini. Ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa baada ya muda wa saa nane tangu ile ya kwanza, na zinazobaki humezwa asubuhi na jioni. Sasa soma maagizo haya kama yalivyoandikwa katika karatasi moja niliyopewa niipitie: “Dozi ya pili meza saa nane baadaye.” Mgonjwa aliyemeza ya kwanza saa mbili asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa kumi jioni. Lakini anaposikia “saa nane,” anaangalia ukutani na kumeza saa nane mchana, saa mbili kabla ya wakati. Aliyeanza saa tatu usiku atajiamsha saa nane usiku, ilhali alipaswa kungoja hadi saa kumi na moja alfajiri.

Sisi wanasarufi tuna mchango wetu katika fujo hii. Kwa miaka na mikaka tumewafundisha wanafunzi kwamba “masaa” ni kosa, na tumelikata kwa wino mwekundu katika insha zao. Lakini watu wa mtaani wanalitumia kwa kazi maalumu: saa nane ni wakati, masaa manane ni muda. Ni tofauti ambayo lugha ya kawaida imejitengenezea kwa sababu inaihitaji. Sisemi tubadilishe mitihani kesho. Nasema kwamba katika karatasi ya dawa, “masaa manane” humlinda mgonjwa, na mimi niko tayari kuiwekea sahihi.

Upande wa pili wa saa unamhusu mwanafunzi mwenyewe. Utafiti wa kufuatilia dawa inavyopanda na kushuka katika damu hutegemea kujua dawa ilimezwa saa ngapi na damu ilichukuliwa saa ngapi. Mshiriki anapewa daftari dogo la nyumbani, na ndani yake kuna nafasi iliyoandikwa “Saa: ____.” Anaandika 2, maana amemeza saa mbili asubuhi baada ya chai. Mwanafunzi anaingiza takwimu usiku, macho mazito, na kuandika 02:00. Saa sita zimeyeyuka. Fanya hivyo kwa washiriki kadhaa tu, na mchoro wa dawa ile katika damu unageuka kuwa kitendawili ambacho mtahini wa nje ataulizia, na hakuna mashine ya mamilioni itakayokitegua, kwa sababu kosa halikutoka kwenye mashine. Wala si la mshiriki. Yeye alihesabu saa kama Waswahili wanavyohesabu. Daftari lingeuliza “ulimeza asubuhi, mchana, jioni au usiku?” na saa yake kando, mambo yangekuwa shwari.

Hata ile “kutwa mara tatu” ya madirishani kwa mfamasia ina neno. Kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi linapokuchwa; usiku wake ni kucha. Daktari alitaka dawa igawanywe sawasawa katika saa 24. Mgonjwa anaimeza kwa mlo wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, kisha viini vya ugonjwa vinapewa usiku mzima wa kupumzika. Mgonjwa ametii Kiswahili alichoambiwa.

Kuna neno jingine ambalo mtafiti yeyote wa damu anayekwenda Pwani angepaswa kulisoma kabla ya kufungasha sindano zake. Neno hilo ni mumiani. Vijana wa leo wanalijua kama jina la wanyonya damu, watu wa kutishiwa watoto wasitoke usiku. Lakini mumiani ilianza kama dawa. Asili yake ni Uajemi, ambako mum ni nta, na neno lilitaja kitu cheusi cha kunata kilichotoka katika miamba na kutumiwa kutibu mifupa iliyovunjika. Wazungu nao walikuwa na lao kutoka shina hilohilo. Wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri kama tiba, na huko ndiko neno lao la maiti hizo lilikotoka. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza mumiani kama dawa ya kupaka na hata ya kunywewa katika samli, na kuongeza kwamba wenyeji wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa kwa kusudi hilo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichochapisha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya namna hii kutoka Nairobi, Kampala na kwingineko, pamoja na yale ya wazimamoto waliodaiwa kuteka watu na kuwafyonza damu katika enzi ya ukoloni.

Ni rahisi kucheka. Mimi sicheki. Ndani ya neno mumiani mna nadharia kamili ya uchumi wa dawa: kuna watu wanaokuja kutoka mbali, wanachukua damu ya maskini, wanaigeuza dawa, na dawa inauzwa kwa wengine. Mwanafunzi wa leo anayemwambia mzazi wa Kilifi kwamba damu ya mtoto “itahifadhiwa kwa utafiti wa baadaye” na pengine “itasafirishwa nje ya nchi” anaisimulia hadithi ileile bila kujua. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa Kilifi tangu 1989, na wanasayansi wa jamii wa pale wameandika mengi kuhusu hofu za wazazi juu ya damu na juu ya nani hasa ananufaika. Walichokifanya wao ni kukaa na watu na kusikiliza, mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi mwenye miezi minne ya kukusanya takwimu hana anasa hiyo, kwa hiyo anahitaji maneno yaliyopimwa zaidi: damu itawekwa wapi, nani ataifungulia, itatupwa lini, na kama kuna atakayeiuza. Swali hilo la mwisho halimo katika fomu nyingi. Ndilo ambalo mzazi analo kichwani.

Halafu kuna daktari. Kiswahili kina neno moja kwa mtu anayetibu na kwa mtu mwenye shahada ya uzamifu, hata iwe ya fasihi. Mimi mwenyewe nimewahi kuonyeshwa mguu uliovimba na jirani aliyesikia kwamba naitwa daktari. Na katika zahanati zetu jina hilo limepanuka zaidi: mfamasia ni daktari, muuguzi ni daktari, mpimaji wa maabara ni daktari, na mwanafunzi wa uzamili mwenye koti jeupe na umri wa miaka 26 anaitwa daktari na bibi wa umri wa nyanya yake. Hili lina uzito. Bibi yule hatofautishi utafiti na matibabu, kwa nini atofautishe? Jengo ni lile, koti ni lile, jina ni lile. Anadhani anachopewa kimechaguliwa kwa ajili ya maradhi yake, kumbe kimechaguliwa kwa ajili ya swali la mtu mwingine.

Na jibu lake litakuwa “haya, daktari.” Hapa anayejua adabu za Kiswahili anapaswa kusimama. “Haya,” “sawa,” hata “ndiyo,” kutoka kwa mtu anayezungumza na anayemheshimu, mara nyingi maana yake ni “nimekusikia.” Bado hajakubali. Anaweza kusema haya leo, na kesho asionekane, na hiyo ndiyo njia yake ya upole ya kukataa. Anayehesabu “haya” ishirini kama ridhaa ishirini atashangaa kwa nini washiriki wake wanapotea, kisha aandike katika tasnifu kwamba walishindwa kufuatiliwa. Njia bora ni kumwomba mtu aeleze kwa maneno yake. Si kwa kumtahini, kuna namna. “Ukifika nyumbani, na mzee akikuuliza hawa watu wa chuo wanataka nini, utamwambiaje?” Jibu atakalotoa ndilo kipimo cha fomu. Akisema “wananitibu goti,” fomu imefeli, wala si yeye.

Wenzangu wa Kiswahili pia wana lao la kujibu. Tunapoitwa kusaidia, baadhi yetu hukimbilia istilahi. Tunamwandikia mtu wa Gikomba “viuavijasumu” na kuona tumeitetea lugha, ilhali yeye anasema antibiotiki na anajua hasa anachosema. Kamusi ya Tiba ya TUKI ni hazina, nami huwa nayo karibu, lakini iliandikwa kwa ajili ya wasomi wapate kuandika na kufundisha. Haikukusudiwa mtu aliyeketi kwenye benchi akiwa na homa. Watanzania wametuzidi ujanja mahali pamoja: katika elimu ya uzazi wa mpango, zile athari za dawa ambazo hazikukusudiwa waliziita “maudhi madogo madogo.” Ukilisikia unaelewa, na hushtuki kama unavyoshtuka ukiambiwa madhara. Lakini lina kikomo chake; dawa inayoweza kuharibu ini haina maudhi madogo, na anayelitumia hapo anadanganya.

Kinachowezekana kufanywa hakihitaji fedha nyingi. Katika bajeti za wanafunzi hawa ninazopata kuziona, tafsiri huwekwa mstari mmoja na kupiga chapa na kutoa nakala. Msimamizi wa lugha angeweza kutajwa katika pendekezo tangu mwanzo, kama anavyotajwa mtakwimu. Hakuna anayepeleka pendekezo bila mtakwimu siku hizi. Fomu ya Kiswahili ingeandikwa sambamba na ya Kiingereza, kwa kuwa mara nyingi Kiswahili ndicho kinachofichua kwamba Kiingereza chenyewe hakikueleweka na aliyekiandika. Ingesomwa kwa sauti kwa watu watano au sita sokoni kabla ya kwenda kwa kamati. Na wanafunzi wetu wa uzamili wa Kiswahili, ambao kila mwaka wanarudia wahusika wa kike katika riwaya zilezile, wangepata mada za tasnifu za kuwatosha kwa muongo mzima. Vyuo vyenye idara zote mbili havikosi. Wakati mwingine kati ya idara hizo kuna ua mmoja tu wa nyasi.

Nimalizie kwa mfano. Fomu moja ya utafiti wa dawa ya maumivu ya magoti ilisema: “Washiriki watagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ambapo kundi moja litapokea dawa ya majaribio na lingine dawa bandia. Una uhuru wa kujitoa wakati wowote.” Hivi ndivyo ninavyopendekeza aya hiyo iandikwe:

“Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nafanya utafiti, si mimi ninayekutibu. Kuna dawa mpya ya maumivu ya magoti, na bado hatujui kama inasaidia. Tuna vidonge vya aina mbili vinavyofanana. Vya kwanza vina dawa hiyo mpya. Vya pili havina dawa yoyote ndani. Kompyuta ndiyo itakayochagua upate vipi, bila kukujua wewe ni nani, na hadi utafiti uishe si wewe wala mimi tutakayejua. Dawa zako za kila siku utaendelea kuzimeza. Ukitaka kuacha, acha siku yoyote; hutaulizwa sababu, na hapa hospitalini utatibiwa kama kawaida.”

Hicho ni Kiswahili cha Nairobi na viunga vyake. Kilifi itabidi aya iandikwe upya na wasemaji wa Kigiriama, na Siaya na wasemaji wa Kidholuo, wakianza na swali lilelile la kidonge kitupu kinaitwaje kwao.